Abiria Uliowaacha Nje ya Mji

Bibi,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii, lakini nikianza barua bila kukuamkia utanisema hukohuko uliko.

Arobaini imepita, watu wametawanyika, Mama amerudi Namtumbo kuvuna. Mahindi yamekubali mwaka huu. Baridi ya Songea imeingia kwa nguvu na blanketi lako najifunika mimi, nani atanizuia? Chumba chako hapa Majengo kiko vilevile. Ila kiti chako mbele ya kompyuta bado kinanishinda kukitazama.

Nakuandikia kwa sababu ya abiria wako. Kule wodini, siku za mwisho, ulinishika mkono ukaniuliza, "Mke mwenzangu, wale watu wangu bado wako ndani ya basi?" Nesi akadhani homa imekupanda. Mimi nilikuelewa. Ulikuwa umeegesha nje ya mji, mvua inanyesha ndani ya gemu, ukazima kompyuta, kesho yake ukalazwa. Nikakuambia nitawafikisha. Ukatabasamu, ukageukia ukutani.

Unakumbuka ulivyoanza? Nilikuwa naendesha lile basi kwenye laptopu kuukuu iliyostaafu dukani kwangu, najipumzisha tu. Ukasimama nyuma yangu na mguu wako mbovu, kisha ukasema, "Nipishe." Wewe uliyepanda malori ya tumbaku tangu usichana wako, juu ya marobota, vumbi lote lako! Ulipobonyeza kitufe na basi likasogea, ulitoa mkono haraka kama umegusa chungu cha moto. Halafu ukacheka, ukabonyeza tena.

Porini lilienda vizuri. Likikaribia mji, picha inaganda, inaruka, inaganda tena, na ukija kushtuka basi liko ukutani. "Basi lako lina kwikwi," ukasema. Na kwa kuwa hukutaka kumwumiza mtu, ukawa unasimama kabla ya mji, unavuta breki ya mkono, unawatangazia abiria kwamba dereva amegoma.

Nikajifanya mjuzi. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaondoa miti na majani, maana ndivyo vinavyoilemea mashine. Kweli basi likateleza. Wewe ukaitazama ile nchi tupu, ukaondoa mikono kwenye vitufe. "Nani kakata miti yote hii? Rudisha miti ya watu." Nikairudisha, kwikwi nazo zikarudi. Ukaenda ukaegesha palepale pako, ukaangalia matone yakishuka kwenye kioo. "Mungu ni fundi," ukasema taratibu. "Mvua yote hii, na meza haijalowa." Mimi nilikuwa nimeizoea ile mvua. Siku ile niliiona.

Sasa sikia. Baada ya arobaini niliipeleka mashine kwa fundi wa kompyuta, hapahapa Majengo. Akaijaribu, akaguna. "Dada, hii imechoka. Toa miti, itakimbia."

Nikamwambia miti haiguswi.

"Kwani unacheza gemu au unalima?"

Lakini akaifungua chini. Bibi, ungeona! Feni imejaa pumba za mahindi. Kumbe matundu ya hewa yako chini ya mashine, na wewe ulikuwa unaitandikia gunia la pumba kama mtoto anayelala. Gunia linaziba matundu, feni inavuta pumba, na mashine ikizidiwa na joto inajipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Nilicheka pale dukani kwa mtu mpaka nikalia. Fundi alitaka kuzipuliza pumba zako barabarani, nikamwambia ngoja kwanza, nikazichukua kiganjani.

Akasafisha, akapaka upya ile dawa ya kupooza joto, akaongeza memori aliyoichomoa kwenye laptopu iliyokufa. Akaniambia niiweke juu ya meza ngumu, nisiichomoe kwenye chaji wakati wa kucheza, na nizime intaneti kwa sababu mashine ilikuwa inapakua mambo yake kimyakimya. Mimi nikapunguza ukubwa wa picha kidogo. Majani sasa yana ukungu, kama ulivyokuwa unayaona ukisahau miwani, lakini yapo yote.

Jumapili baada ya misa nikaiwasha. Walikuwepo, Bibi. Wamekaa kwenye viti vyao, mvua ileile inanyesha, wanangoja. Nikatoa breki. Miti ikaanza kupita, mmoja mmoja, bila kukwama. Tukapita kibao cha mji, nikabana pumzi kungoja kwikwi, na hazikuja.

Mji ule, Bibi! Maghorofa yamewaka taa mpaka juu, na taa zile ziko tena chini, kwenye lami iliyolowa. Watu wanavuka na miavuli. Kuna daraja, na chini yake mto unatembea kabisa, maji yanajikunja kwenye nguzo. Vyote hivi vilikuwa nyuma ya kona moja tu kutoka pale pako. Nilikaa kama niliye kanisani, sijui hata mdomo ulikuwa wazi tangu lini. Nikaingia stendi, nikafungua mlango, wakashuka wote. Hakuna aliyeumia. Nikageuka kukuita uje uone, nyuma yangu hakuna mtu. Hapo ndipo nilipolia sawasawa, kuliko hata siku ya mazishi.

Nenda salama, mke mwenzangu. Wako wamefika, usiwawaze tena. Nakuahidi basi litaendelea kutembea na hakuna atakayekata mti hata mmoja. Na kila mvua ikianza nitaegesha pembeni niitazame, hata kama mji uko wazi mbele yangu. Abiria wakinung'unika nitawajibu vile ulivyokuwa unawajibu wewe, bila hata kugeuka: "Tulieni. Mnakimbilia wapi, na mvua ndiyo hii?"

Mjukuu wako,
Skola