Nimenunua Gari, na Nimesema Ulivyokufa

Baba,

Ndugu yako Kimani ameniamuru nije kaburini nikuombe msamaha. Anataka nije Jumapili baada ya kanisa, pamoja na Mama na Muriuki, nisimame mbele ya vile vigae alivyokubandikia, niseme kwa sauti kwamba niliyoyasema juu yako ni uongo. Nimekataa. Nakuandikia badala ya kuja, na usidhani nimeshika kalamu kwa sababu nimepoa. Nimekasirika, Baba. Nimekasirika tangu siku tuliyokuzika, na watu wote wakadhani ni majonzi wakanipa chai.

Kosa langu ni hili: nimenunua gari, na katika kulitafuta nikamwambia mdogo wangu Muriuki ulivyokufa.

Najua ungeliacha hilo la kifo ukauliza kwanza ni gari gani. Basi ni la Kijapani, la milango miwili, la gia ya mkono, limekaa chini hata paka akipita uvunguni lazima ainame. Ndiyo, gari la mbio, kuukuu, la kwanza langu. Nilipokuwa mdogo, magari ya mashindano yakipita kule Kieni, nilikimbilia barabarani nikarudi na vumbi hadi kwenye meno. Wewe ukaniambia gari ni la kubeba kabichi, na lisiloweza kubeba kabichi ni kiti tu kilichowekwa magurudumu. Ulicheka sana siku hiyo. Ukaniita "maitu", mama yangu, kwa kuwa nimebeba jina la mama yako, na wageni wakafurahi kuona mzee anavyomheshimu binti yake. Heshima gani? Ulikuwa ukiniita mama yako ukitaka maji ya kuoga. Mimi nikiwa na neno la kukuambia, nilirudi kuwa mtoto.

Na neno nililokuambia mara nyingi kuliko yote lilikuwa kuhusu fri.

Hapa kwetu mlimani kila dereva anaijua fri. Ukifika kwenye mteremko unatoa gia, unaliacha gari lijiteremkie lenyewe, unaokoa mafuta. Wewe ulizidi wenzako, ukawa unazima na injini. Haba na haba hujaza kibaba, ulisema. Pikapu ikashuka kimya, upepo ukivuma dirishani, nawe umetoa kiwiko nje umeridhika na dunia. Nilikuambia injini ikizimwa breki hupoteza nguvu. Unakanyaga mara mbili tatu, kisha pedali inakuwa ngumu. Hata wewe ulilijua hilo, maana uliwahi kumweleza jirani nikisikia. Lakini mimi ulinijibu, "Maitu, mafuta haiokotwi."

Siku ile, kwenye mteremko wa daraja, Mama alikuwa ameketi kando yako. Aliniambia hospitalini, akiwa amelazwa chali na nyonga imevunjika, wala hakulia alipokuwa akiniambia. "Nilimwambia washa gari. Akaniambia nitulie. Halafu nikaona anakanyaga breki kama mtu anakanyaga jiwe."

Ndivyo ulivyokufa. Ulikufa kwa kubana mafuta ambayo hayangejaza hata kikombe cha chai, ukamwachia mke wako fimbo ya kutembelea. Nimejaribu kuliandika hili kwa upole, nimeshindwa.

Kabla kamati ya mazishi haijakaa, Baba Mdogo Kimani akatuambia pembeni, mimi na Mama, kwamba marehemu hasemwi vibaya, na kwamba Muriuki alikuwa bado shuleni, asibebeshwe mzigo huo. Tuseme breki zilikatika. Mama alikuwa bado kitandani, akanyamaza. Nami nikaambiwa ninyamaze. Siku ya mazishi madereva wenzako wakasimama mmoja baada ya mwingine wakasema hakuna aliyeujua mlima kama wewe, kwamba ungeweza kushuka hadi Karatina kwa mafuta ya kijiko. Watu wakacheka huku wakijifuta machozi. Muriuki alikuwa mstari wa mbele akiyameza yote.

Sasa Muriuki ni dereva, Baba. Anaendesha lori la jirani, anapeleka viazi Karatina kila siku ya soko. Na anaweka fri. Anazima injini juu ya mteremko wa daraja, viazi vimejaa hadi juu nyuma yake, kwa sababu ndivyo alivyofanya baba yake, shujaa aliyeuawa na breki mbovu. Jioni anajisifu mezani na Mama anaangalia sahani. Nilipomkataza aliniambia kazi yangu ni kupima damu hospitalini, nimwachie barabara. Niliisikia sauti yako katika jibu hilo, nikatamani kuvunja kikombe. Kila akichelewa kurudi, Mama huenda langoni na fimbo yake akasimama kwenye baridi.

Katikati ya hayo ndipo nilipotafuta gari. Akiba yangu si ya kutisha, na kwa fedha zile mtu mwenye akili hununua kigari cha kwenda kazini na sokoni. Mimi nikataka la mbio au niache kabisa. Nikamwomba Muriuki anisindikize, maana huku mwanamke akienda peke yake kununua gari, bei huanza kupanda akiwa bado mlangoni.

Tulianzia Chaka. Broka alikuwa na moja jekundu, limeoshwa hadi tairi zinang'aa. Kabla hajaliwasha niliweka kiganja juu ya boneti, nikakuta ni moto. Nikamuuliza kwa nini gari ambalo halijaendeshwa leo lina homa. "Ni jua, madam," akasema. Ukungu ulikuwa umetanda hata hatukuona duka la pili. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba baridi ya huku ndiyo fundi wa kwanza, na kwamba gari lililopashwa moto kabla hujafika lina la kuficha. Muriuki alikuwa ameshalipenda kwa ngurumo yake, akanuna hadi tuliporudi nyumbani.

La pili lilikuwa hapa Skuta ninapoishi, jeupe, maridadi, la kuolewa nalo. Nikalala chini kwenye changarawe nikaona chuma cha uvunguni kimechunika kwa matuta. Nikapapasa dashibodi pale mfuko wa hewa unapokaa, nikakuta mshono wa gundi. Lilikuwa limegonga, mfuko ukafumuka, wakafunika shimo. Rahisi ghali. Nikainuka nikajipangusa magoti, nikamshukuru mwenye gari, tukaondoka.

Kila nilichokijua ni wewe uliyenipa, na hilo linaniudhi kuliko yote. Ulikuwa unaweza kusikia beringi ikilia kwenye gari linalopita barabarani, ukataja ni gurudumu lipi. Ulishindwaje kumsikia mke wako aliyeketi hapo kando?

La tatu lilikuwa Naro Moru, la mwalimu mmoja kutoka Bungoma aliyekuwa amepata uhamisho wa kurudi kwao. Tulifika asubuhi, kioo kikiwa bado na umande, boneti baridi kabisa. Lilikohoa kidogo, likawaka, likatulia. Mwalimu hakulipamba. Alisema, "Sitakuficha, dada. Linakunywa mafuta, taa ya nyuma imepasuka, na kiti cha dereva kimeraruka. Lakini halijawahi kuniacha njiani." Kisha akachukua ufunguo akampa Muriuki, kwa kuwa Muriuki ndiye mwanamume. Nikaketi kando nikafunga mkanda.

Alilipandisha vizuri, sina la kusema. Ana mkono wako. Tukageuza, tukaanza kushuka kuelekea mtoni. Hapo akakanyaga klachi, akatoa gia, na ngurumo ya injini ikafifia. Nikaona mkono wake unakwenda kwenye ufunguo.

"Baba alikuwa anazima hapa hapa," akasema. "Wacha nikuonyeshe."

Nilimshika mkono. Sikupanga kusema, Baba. Nilikuwa nimenyamaza muda mrefu hata nikadhani kunyamaza kumekuwa tabia yangu. Lakini niliuona mto kule chini, nikamwona akilini Mama langoni, na maneno yakatoka.

"Breki haikukatika, Muriuki. Baba alizima injini. Mama alimwambia awashe, akakataa."

Akarudisha gia kwa nguvu, gari likalia, tukasimama kando ya barabara karibu na akina mama wanaouza karoti. Akaniuliza nani mwingine anajua. Nikamwambia: Mama, mimi, na Baba Mdogo. Akashuka akashika waya wa ua wa watu, akanipa mgongo. Mmoja wa wale akina mama akamuuliza kama ni mgonjwa. Alipogeuka uso wake ulikuwa wa mtoto wa shule.

"Mkaniacha niendeshe lori hivyo?"

Swali lile lilikuwa lako na la ndugu yako. Nyinyi mmoja yuko ardhini na mwingine yuko dukani kwake anauza misumari, kwa hiyo mimi ndiye niliyesimama pale kando ya barabara nikalipokea.

Nilichukua usukani. Nikapanda, nikageuza, nikashuka tena ule mteremko mimi mwenyewe, gia ya pili, injini ikivuma ikilishika gari lisikimbie, breki nikizigusa tu. Halikuyumba. Wengine huchagua gari la mbio kwa kulipandisha. Mimi langu nililichagua likiteremka. Nikamwambia mwalimu nalichukua hivyo hivyo na kiti chake kilichoraruka.

Jioni hiyo Muriuki alikwenda kwa Mama. Sikuwa chumbani, sijui walizungumza nini, ila Mama alitoka macho mekundu akaniambia leo atalala. Siku ya soko Muriuki akafika Karatina akawaambia madereva waliokusifu kwamba baba yake alijiua kwa kuzima injini, na kwamba yeyote anayezima aache. Wengine walimsikiliza. Wengine wakamwambia anakojolea kaburi la mzazi. Habari zikapanda mlima kabla ya lori lake, na Baba Mdogo akatuita kikao.

Alisema sana. Alisema nimekuvua nguo mbele ya watu, kwamba gari la kihuni limenipandisha kichwa, kwamba mtoto anayemtukana marehemu hafiki mbali. Ndipo alipotoa hiyo amri ya Jumapili. Nilikuwa tayari kumjibu, lakini Mama aliinuka kwanza, akiegemea fimbo yake.

"Nilikuwa ndani ya hiyo gari, Kimani. Wewe hukuwa."

Akaketi. Kimani akasema amri yake ni ile ile, akavaa kofia akaenda. Amewaambia watu nisipokuja hatanitambua tena kama mtoto wa nduguye. Basi asinitambue. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe kifo kilikuumbua tukakimbia kukufunika blanketi, tukamwacha kijana wako alale chini yake pamoja nawe.

Usinielewe vibaya. Nakukumbuka. Zile asubuhi za Julai ulikuwa ukiniketisha juu ya boneti ya pikapu iliyopata moto, unanivalisha soksi, unanipulizia vidole hadi nihisi damu inarudi. Hakuna aliyewahi kunipasha moto hivyo tena. Nikifika hapo kwenye kumbukumbu, hasira inakatika, nalia, halafu hasira inarudi imeongezeka. Mtu aliyejua kupuliza vidole vya mtoto hakujua kuwasha injini. Nakutaka urudi, Baba. Nakutaka urudi nikugombeze ana kwa ana, unijibu vibaya, tununiane hadi chakula cha jioni.

Kwa kuwa hutarudi, nakuahidi hili. Yeyote atakayeniuliza ulikufaje nitamwambia, iwe kanisani, iwe sokoni, iwe mbele ya ndugu yako na vigae vyake. Jina lako litachafuka, najua. Muriuki hanisalimii sawasawa, bado ana kinyongo, na mwenye lori analalamika mafuta yameanza kuisha mapema. Na yaishe. Walitaka nichague kati ya jina lako na uhai wake, nami nimechagua.

Pumzika, Baba. Kesho ni siku ya soko na nimeomba ruhusa kazini. Muriuki atashuka mteremko wa daraja na viazi vyake, gia ikiwa ndani, akinuna. Nami nitakuwa nyuma yake katika gari la mbio, polepole, hadi chini.

Binti yako,
Nyaguthii