Shilingi Mia Nne za Kunyamaza

Sokoni Busia,
Upande wa Kenya,
30 Januari 1965

Kwa dada yangu mpendwa Taaka,

Nakusalimu wewe, nawasalimu wanao Dorcas na Tom, nawasalimu na wakwe zako wote hapo Tororo, hata yule mzee asiyeitikia. Je, mguu wako umepona? Sisi huku tu wazima. Roselyn ana mimba ya miezi saba na amenuna kwa sababu nimekataa kununua kitanda kipya. Cherehani inafanya kazi. Mwezi huu nimeshona sare za shule mpaka vidole vimeota sugu.

Barua yako niliipata Jumanne kwa Asekenye, yule mama wa samaki wakavu. Aliniambia ulimkabidhi ukilia. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilitoka nje ya kibanda nikajifanya natafuta uzi, maana wateja walikuwa wananitazama. Umeandika kwamba kiwanda cha pamba bado kinasema marehemu shemeji Ofumbi alikuwa amelewa siku mashine ilipomuua, kwamba wakwe zako nao wameanza kuamini, na kwamba bwana wa ofisi ya leba, ile ya serikali ya mambo ya wafanyakazi, amekuonya madai ya fidia ya watoto yatafungwa tarehe kumi na mbili Februari, mwaka utakapotimia, usipopata mtu aliyeona. Unaniuliza kama namjua yeyote niliyefanya naye kazi ambaye hataogopa kusema. Umeuliza kwa upole sana, dada. Afadhali ungenitukana.

Ngoja nikueleze kwanza jinsi nilivyotoka kazini, maana nilikudanganya. Nilikuambia nimepunguzwa kwa sababu msimu umekwisha. Si kweli. Wiki tatu baada ya mazishi meneja aliniita ofisini, akanikalisha kwenye kiti. Kwa miaka minne sikuwa nimewahi kukalia kiti pale. Akasema kiwanda kinataka tuachane kwa uzuri, kisha akamwambia karani Emong anisomee mkataba kwa Kiswahili. La kwanza, nitapewa kiinua mgongo cha shilingi mia nne. La pili, barua ya kunisifu. La tatu, sitarudi kudai mshahara wala kitu kingine. La nne, sitamweleza mtu yeyote, kwa mdomo wala kwa maandishi, habari za ajali ya mashine ya tatu.

Mzee Oriokot alifanya kazi pale miaka kumi na mmoja, akaondoka na shilingi tisini na blanketi. Mimi mia nne! Unajua ninavyopenda kujiona. Nilijiambia kwamba hatimaye wakubwa wameona nilivyo mchapakazi. Emong, ambaye ni mtu mwema, alisema naruhusiwa kukaa na karatasi siku saba, niipeleke hata ofisi ya leba isomwe na mtu asiye wa kiwanda, ndipo niamue. Alisema hivyo mara mbili, na mara ya pili alinikanyaga mguu chini ya meza. Nikamjibu kwamba mimi nimefika darasa la sita, sihitaji kusomewa kama mtoto. Nikatia sahihi kwa madaha, nikaipigia na mstari chini.

Fedha hizo ndizo cherehani. Ndizo pia zile shilingi ishirini nilizokuletea za sukari, ukanishukuru mbele ya watu.

Sasa sikiliza jambo baya zaidi. Mwezi wa Septemba nilivuka mpaka nikaja Tororo bila kukuambia. Niliingia ofisi ya leba nikasema namuulizia rafiki yangu. Yule bwana alinieleza taratibu kwamba mkataba wa kuachana si karatasi ya mchezo. Mtu akishatia sahihi, madai yake mwenyewe ya mshahara yamekwisha, ndiyo sababu analipwa, na ndiyo sababu apime kwanza anachokitoa. Lakini akasema hakuna mwajiri anayeweza kununua ushahidi wa kifo cha mtu. Lile la nne halina nguvu mbele yake hata kidogo. Kisha akaniuliza kama huyo rafiki yangu aliona ajali. Nikasema nitamuuliza.

Nilipita njia panda ya kwenu nikiwa ndani ya basi. Niliona kanga yako imeanikwa. Sikushuka.

Kwa hiyo tangu Septemba siwezi kusingizia karatasi. Nimeona haya tu, dada. Niliogopa utaniuliza nilikuwa wapi siku ile, nami nilikwisha kukuambia nilikuwa ghalani nikipanga marobota.

Sikuwa ghalani. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwa shemeji. Wavu wa chuma unaofunika mkanda wa mashine ulikuwa umeng'olewa tangu Jumatatu, na shemeji alimwambia nyapara mara tatu kwamba hatasafisha mpaka wavu urudishwe au mashine izimwe. Nyapara akamfokea: "Wewe Ofumbi nasumbua watu! Ingia, pamba nangoja!" Shemeji akanigeukia, akaniomba niseme neno, kwa kuwa nyapara alikuwa akinisikiliza. Nikatazama chini. Akaingia. Mkanda ukashika shati lake. Hakuwa amelewa. Alikuwa amekunywa chai ya rangi, kikombe kimoja, tuligawana mimi na yeye.

Mara ya kwanza, basi, nilinyamaza bila kulipwa hata senti.

Jumatatu tarehe nane Februari nitapanda basi la kwanza, niende moja kwa moja ofisi ya leba na mkataba mkononi. Nitasema yote, na nitasema kwamba nilitazama chini. Kiwanda kikidai fedha zake nitauza cherehani. Roselyn nimeshamweleza, ndiyo sababu hasa ya kununa kwake. Nakuomba uje na mzee mkwe wako, akae asikie mwanawe alikufaje.

Tukimaliza nitakusindikiza hadi nyumbani ukiniruhusu, lakini usinipikie. Nitakula kwako siku utakayoniita mwenyewe, na usiponiita sitauliza kwa nini.

Wabusu watoto. Msalimie na mama mkwe, Mungu awalinde nyote mpaka Jumatatu hiyo.

Ndimi mdogo wako,
Rasto Oguttu