Nilimsamehe Nikidhani Nakufa

Bi Mshauri, naomba unisaidie, nakuandikia nikiwa mzima na huko kuwa mzima ndiko kulikoniletea balaa.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Mlandege, nilianza na cherehani moja ya mkono sasa nnazo nne, na mwaka huu nilikohoa sana nikapigwa picha ya kifua likaonekana doa kwenye pafu, milimita ishirini na mbili, yaani kifungo cha koti, lakini wifi yangu Mwanapili hata hatujafika nyumbani keshatangaza mtaa mzima kuwa nna saratani, basi watu wakamiminika kuniomba radhi, na siku ya tatu akaja mume wangu Mansour, mbele ya wifi na jirani wawili, akanishika miguu akasema, "Mama Ummy, nisamehe, nna mke Mkokotoni, mwaka wa sita huu." Nami niliyekwisha kujiona maiti nikamjibu, "Nimekusamehe duniani na akhera."

Siku kumi na moja baadaye nikavuka bahari kwenda Dar es Salaam kupimwa MRI, ile mashine ya sumaku, nikatiwa dawa mshipani huku inapiga picha mfululizo, na daktari akanieleza kuwa uvimbe wa saratani aghlabu hunywa dawa ile haraka na wangu haukunywa karibu chochote, kwa hiyo huenda ni kovu la kifua kikuu nilichougua utotoni, ila nirudi baada ya miezi mitatu. Sasa Mansour analala Mkokotoni siku nne, kwangu tatu, nikisema neno ananijibu, "Si ushanisamehe?" na kila Ijumaa ananiuliza kipimo cha pili lini, sijui ananihurumia au ananihesabia siku. Nimeazimia nisirudi Dar, asilipate hilo jibu analolingoja. Je, msamaha ule naweza kuurudisha?

Fundi wa Mlandege

JIBU

Pole, fundi, lakini akili yako iko wapi? Unataka kumkomoa mume kwa pafu lako mwenyewe. Daktari kakwambia "huenda", hakukwambia "hakika". Ile sumaku imekupa habari njema, haijakupa hukumu. Rudi tarehe uliyopangiwa. Kifungo kikibaki kama kilivyo, ushukuru. Kikizidi, watataka kukuchoma sindano wachukue kipande, nawe ukubali. Na Mwanapili mwambie asitangaze picha asizojua kuzisoma.

Msamaha umeshatoka mbele ya watu, usiudai. Lakini ulichosamehe ni miaka sita ya kufichwa, hukusamehe hata usiku mmoja wa mbele. Nne kwa tatu si uadilifu, na hesabu hiyo huhitaji kufundishwa na mimi. Mwite mbele ya wazee wenu. Akikataa, nenda kwa kadhi.

Kipimo cha pili usimfiche, nenda naye. Mkalishe kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Ukitoka na jibu zuri, mtangulie kumtazama uso kabla hajapata wasaa wa kuupanga. Hapo utajua alikuwa anakuhurumia au anakuhesabia.