Mume wa Dakika Kumi na Nne

Mama Sabina, mke wangu,

Mimi mzima, na spea ya mashine ya kusaga nimeipata. Nakuandikia upesi kabla umbea haujapanda basi: leo mchana, hapa Nyakato, nimekuwa mume wa mtu kwa dakika kumi na nne.

Sababu ni kipindupindu. Biashara ni huria, wanatuambia, lakini kuuza chakula kilichopikwa ni marufuku! Basi mama ntilie mmoja anapikia chumbani kwake, nasi wateja tunaingia tukimwita shangazi. Tukiwa tunakula, bwana afya akatokea na mgambo.

“Hawa wote ni nani?”

“Watoto wa kaka yangu.”

“Ishirini na watatu?”

“Kaka ana nguvu.”

“Na huyu mwenye mvi?”

Mgambo ameshashika sufuria. Mama ntilie akanitazama. “Huyo ni mume wangu.”

Ningekana, sufuria zote zingeondoka. Nikasema, “Karibuni wageni, maji ya kunawa yamechemshwa.” Bwana afya akayagusa, akaguna, wakaenda zao.

Kilichoniuma ni kwamba watoto wa kaka walikula minofu ya sato, mimi mume mzima nikapewa mkia! Kulipa nako akanikatalia: “Mume halipi.” Chumba kizima kicheko.

Nimelipa, Mama Sabina, tena mbele ya wote ishirini na watatu, wajue mke ninaye.

Chemsha maji mpaka yatokote, ujitunze. Nimekukumbuka, wewe na ugali wako.

Baba Sabina