Hekalu la Kina Jayanti

Sterling, Virginia

Shemeji Vumilia,

Barua hii isome umesimama, maana nimefika India, nikaingia hekalu la kijijini lenye miaka elfu. Haya, usicheke: nimefika kwenye kochi la jirani yangu tu, mzee Jayanti, yule aliyekuwa na duka la kanga hapo Tanga.

Kila jioni alinisimulia hekalu la kijiji chao kule Gujarat, akinyamaza tu ndege za uwanja wa Dulles zikipita. Ng'ombe mmoja alikuwa akimwaga maziwa juu ya jiwe kila alfajiri. Watu wakachimba, wakakuta jiwe halina mwisho, wakajenga hapo hapo. Paa lilianguka mara tatu, na mara tatu wanakijiji wakalirudisha.

Mwezi uliopita Jayanti alipatwa na kiharusi. Hakutamka neno tena, na mkewe Kokila akawa anajificha jikoni kulia. Mimi niliishia darasa la nne, tiba siijui. Juzi nikakaa karibu yake, nikaanza: "Hapo zamani punda mmoja alimwaga maziwa juu ya jiwe..."

Akakunja uso. Nikaendelea na punda wangu. Mdomo ukahangaika weee, kisha: "Ng'ombe! Mpumbavu we!"

Kokila aliangusha upawa. Sijawahi kufurahia tusi namna ile.

Jana kanisahihisha mara mbili, ila uongo wangu ameanza kuuzoea, haumchokozi tena kama mwanzo. Sasa shemeji, ulipounguza biriani ya maulidi, nani alijitwika lawama mbele ya kaka? Basi nilipe. Jumamosi piga simu, umwambie Jayanti kwamba yule mnyama alikuwa mbuzi.

Mwongo wako,
Khalfan