Swala ya Alfajiri Shambani kwa Mzungu

Mdogo wangu Mwanaidi,

Magoti yako yanasemaje? Mimi nasema, Zuhura mwanangu anaandika.

Mkwe wetu Hamisi aliniambia, "Mama, kesho alfajiri nakupeleka kwenye swala." Nikatawadha, nikavaa buibui, nikabeba mswala. Kumbe swala mnyama! Nikajikuta nje ya Toronto, shambani kwa Mzungu mmoja, baridi inauma hadi meno. Swala wanammalizia mahindi, kaita wawindaji wawapunguze.

Wawindaji wenyewe sasa! Wanajificha, na huku wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa vinavyoonekana hadi Tanga. Hamisi kajipaka mkojo wa swala, eti wasinuse harufu ya mtu, kaununua dukani! "Mama, usikohoe," ananinong'oneza. Miaka mitatu hajapata hata mkia, na safari hii keshaalika nusu ya msikiti waje kula nyama.

Akatoka swala mkubwa kama ndama, akaanza kutafuna. Mwanaidi, mnyama yumo kwenye mahindi ya watu, ningenyamaza vipi? Nikagonga kifuniko cha chupa ya chai kama tulivyokuwa tukiamia ndege kwenye mpunga: "Swiii! Toka, mwizi we!" Swala wakatimka wote, hata ambao hatukuwa tumewaona.

"Mama!" Hamisi akalia, bunduki ingali begani.

Mzungu alicheka hadi akakaa chini. Anaomba nirudi kila Jumamosi. Hamisi si lazima.

Wageni tuliwapikia pilau ya kuku. Firigisi nilimwekea Hamisi, maana bado ndiye mwanamume wa nyumba.

Jifunike vizuri, ule ushibe, roho yangu.

Dada yako, Saumu