Keki ya Boga Nyumbani kwa Kipkoech

Shively, Louisville
Tarehe 4 Novemba

Mdogo wangu Kornelia,

Pokea salamu zangu, wewe na watoto wote hapo Buffalo. Goti lako linasemaje na hiyo baridi yenu? Mimi ni mzima kama chuma. Daktari alinipima akashangaa, akasema wazee wa umri wangu huku hawana moyo kama huu. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu kwenye simu unacheka kabla sijamaliza.

Ijumaa nilikuwa Columbus kwa mwanetu Ernestina. Nilikwenda kama siku zote, na ndizi zangu za kuchemsha kwenye bakuli na chai yangu kwenye chupa. Msimamo wangu unaujua. Kipkoech alimuoa binti yetu kortini bila kuleta kwangu mzee hata mmoja, nami nikaapa kwamba cha nyumba ile hakitapita kooni mwangu mpaka aje na watu wake. Wewe ulisema sitafika Krismasi ya kwanza. Mwaka wa nane huu!

Basi ilikuwa Halloween, ile sikukuu yao ya watoto kuvaa vinyago na kugonga milango wakiomba peremende. Ernestina alimwahidi mjukuu wetu Blessing keki ya boga ya kuwagawia rafiki zake jioni, mara hospitali wakamwita kazini. Mtoto akaanza kulia. Kipkoech akasema kwa adabu kwamba yeye anajua ugali, keki haijui, ila angesoma maelezo kwenye simu. Akataka kukata lile boga la mlangoni walilolichonga meno. Nikamwambia aliache, lile ni maji matupu. Tukaenda dukani, nikayagonga maboga moja moja mpaka mwenye duka akaja kunitazama. Nikachukua dogo, zito, la kikonyo kikavu.

Kazi yenyewe ni rahisi, Kornelia, wanawake mlituficha. Boga likachemshwa, likapondwa, likachujwa maji. Mayai, sukari, mafuta, unga na baking powder. Viungo vya keki havikuwepo, nikatoa masala yangu ya chai kwenye mkoba. Blessing akasema kwa Kiingereza chao kwamba babu anamwaga nyingi mno. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba mimi nimepika chai ya harusi mama yake hajazaliwa. Keki ikaumuka, nyumba nzima ikanukia. Mtoto wa jirani aliyevaa mifupa alirudi mara ya pili.

Sasa nisizunguke. Mpishi atajuaje masala imetosha? Kabla rojo haijaingia kwenye oveni nilichota kijiko nikatia mdomoni, nikasema bado iliki. Ndipo nikakumbuka niko nyumba ya nani, na kijiko kiko mdomoni.

Kipkoech aliona. Wewe ungecheka mpaka ukae chini. Yeye aligeukia sinki akaosha bakuli lililokuwa safi, akaliosha tena, mpaka nilipomeza. Jioni aliweka kipande kwenye sahani karibu yangu, hakunikaribisha, akatoka nje kwa watoto. Nilikula. Nikajiongeza viwili. Ernestina aliporudi, Kipkoech hakumwambia habari hiyo.

Mtu wa namna hiyo ni mkwe, Kornelia. Lakini mimi mdomo wangu ni mzito kulisema, nimeshaapa sana. Wewe ndiye shangazi. Mpigie Kipkoech, mwambie alete wazee wake hapa Shively mwezi huu, hata wawili tu, na kwamba mzee hatauliza maswali magumu. Nawe uje uwapokee. Keki nitapika mimi.

Ernestina hajaambiwa, ila wakati wa kunifungia mzigo alikuta bakuli la ndizi limejaa vilevile nilivyokwenda nalo. Alilitazama, akalifunika, akanibusu hapa kwenye upara.

Wasalimie wote hapo. Na usicheke sana, una presha.

Ni mimi kaka yako, na mpishi,
Respicius